Memori kadi ikikataa data ya FPGA: soma baiti kabla hujagusa msimbo

Kadi ya SD haigomi kimya kimya. Kila amri unayoipelekea huijibu kwa baiti moja au zaidi, na sababu ya mgomo imo ndani ya baiti hiyo. Lakini FPGA, yaani chipu ambayo wewe mwenyewe unaipanga saketi yake, haina skrini. Jibu linakuja, linapita, na fundi anabaki kubadilisha msimbo kwa kubahatisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya kushika mita, ni kulipatia jibu hilo mahali pa kuonekana.

Mfano wetu ni bodi ndogo ya Tang Nano 9K, kwa kuwa tayari ina tundu la microSD, saa ya 27 MHz na taa sita za LED. Peleka biti sita za chini za jibu la mwisho kwenye taa hizo, ukikumbuka kwamba huwaka pini ikiwa 0, kwa hiyo zigeuze. Bora zaidi, tuma kila baiti ya jibu kwenye kompyuta kupitia USB kwa kasi ya 115,200: gawanya saa kwa 234 na kosa linalobaki ni dogo mno kuleta shida. Ukiwa na bodi nyingine, hesabu za saa zitabadilika. Mengine ni yale yale.

Tunatumia njia ya SPI, waya nne: CS ya kuichagua kadi, CLK ya saa, MOSI inayopeleka data kwa kadi na MISO inayoirudisha. Njia ya SD, yenye waya nne za data peke yake, ina kasi zaidi, ila inadai CRC16 (namba ya kukagua makosa) sahihi kwa kila waya tangu mwanzo, na kadi haikusamehi. Asiyewahi kuandika bloku moja (baiti 512) kwa SPI asianzie huko.

Dalili: unasoma 0xFF tupu

0xFF (0x ni alama ya namba za heksadesimali) ni biti nane zote zikiwa 1: kadi haijasikia amri, au imejibu nawe hukusikia. Anza na umeme. Pima kati ya pini ya 4 (VDD) na ya 6 (VSS) za microSD: panatakiwa pawe na 2.7 V hadi 3.6 V.

Wanaotumia moduli za bei rahisi zilizoundwa kwa ajili ya Arduino hunaswa hapa kila mara. Moduli hizo zina regulata ya AMS1117, nayo inahitaji umeme unaoingia uzidi unaotoka kwa takriban 1 V au zaidi. Ukiilisha 3.3 V kwa kudhani unailinda kadi, kadi inabaki na 2.2 V au 2.3 V hivi, na haiamki. Ilishe 5 V kwenye VCC, kisha pima pini ya MISO uhakikishe haizidi 3.3 V kabla ya kuiunga na FPGA. Tena, nyingi kati ya moduli hizi haziachii waya wa MISO hata CS ikiwa juu, kwa hiyo usiushirikishe waya huo na kifaa kingine. FPGA ina pini tele. Ubahili wa nini?

Halafu waya. CS ni pini ya 2, DI ni ya 3, CLK ni ya 5, DO ni ya 7. MOSI ya FPGA inaingia DI, na DO inarudi MISO. Hakikisha kwa mlio wa mita, usitegemee rangi za waya. DAT1 na DAT2 ambazo hazitumiki zisining'inie: zivute juu kwa rezista ya 10 kΩ hadi 50 kΩ, na CS, DI na DO vilevile. Fungua pia ripoti ya pini ya programu ya kutengenezea. Ukisahau kutaja pini moja kwenye faili la pini, programu haikatai. Huichagulia pini yoyote inayotaka, nawe unapima waya usio na kitu. Kiwango cha pini kiwe LVCMOS33, yaani cha 3.3 V.

Umeme na waya vikiwa sawa, tazama jinsi unavyoiamsha kadi. Subiri angalau 1 ms baada ya volti kutulia. Kisha CS ikiwa juu na DI ikiwa juu, toa mapigo ya saa yasiyopungua 74. Kwa urahisi toa 80, yaani baiti kumi za 0xFF. Kosa linalojirudia ni kushusha CS mapema, kabla ya mapigo haya kwisha. Kasi ya saa katika hatua hii iwe kati ya 100 kHz na 400 kHz: kwenye 27 MHz, geuza CLK kila baada ya hesabu 34 upate 397 kHz.

Sasa shusha CS na utume CMD0, amri ya kuirudisha kadi mwanzo: 40 00 00 00 00 95. Hiyo 95 ya mwisho ni CRC, na hapa lazima iwe sahihi kwa sababu wakati huu kadi bado inaikagua. Biti kubwa inatangulia. DI ibadilike CLK inaposhuka, kadi huisoma CLK inapopanda. Jibu huweza kuchelewa hadi baiti nane, basi endelea kutoa mapigo huku DI ikiwa juu. Ukiiacha DI chini wakati wa kusubiri, kadi inaiona 0 ile kama mwanzo wa amri mpya na mazungumzo yanavurugika papo hapo.

Kama CMD0 ilifika CS ikiwa juu, kadi imeingia njia ya SD na haitarudi SPI mpaka ikatiwe umeme. Kubonyeza riseti ya FPGA hakuifikii kadi. Chomoa USB, hesabu hadi tano, rudisha.

Dalili: kuna jibu, lakini si 0x01

Jibu sahihi la CMD0 ni 0x01, yaani kadi imekaa kitako ikisubiri kuanzishwa. Mengine yote yana maana yake.

0x80 inayofuatwa na 0xFF: jibu ni lile lile 0x01, ila unalisoma biti moja kuchelewa. Ukipata 0xFE kisha 0x03, umelisoma biti moja mapema. Kadi haina kosa. Ukingo wa saa unaosomea ndio mbaya.

0x09 ni CRC mbovu. 0x05 ni amri isiyojulikana. Ukiipata 0x05 kwa CMD8 (amri inayofuata CMD0), huenda kadi ni ya zamani kweli, kabla ya toleo la 2.00, na hilo si kosa. Ukiipata kwa CMD0, biti zako zimepishana.

0x00 isiyokoma, DO ikiwa chini daima, ina sababu mbili. Ya kwanza ni lehemu iliyoshikanisha DO na ardhi. Chomoa kadi upime. Ya pili ndiyo inayowachosha watu. Ulikuwa unaandika bloku, ukapakia programu mpya kwenye chipu katikati ya kazi. FPGA imeanza upya, lakini kadi haikukatiwa umeme, na bado imo katikati ya kuandika bloku ile ya zamani. Ndiyo maana programu ile ile hufanya kazi asubuhi ikakataa mchana. Dawa ya msimbo: mwanzoni mwa kila kuanza, shusha CS, tuma baiti 520 za 0xFF, kisha 0xFD moja (alama ya kusimamisha uandishi), kisha 0xFF mpaka DO ipande; pandisha CS na urudie mapigo 80. Dawa ya kudumu, kama unatengeneza bodi yako mwenyewe, ni MOSFET ya aina ya P inayokata VDD ya kadi kwa amri ya FPGA, geti yake ikivutwa juu kwa 10 kΩ. Lakini unapoikata, shusha CS, CLK na DI pia, na rezista za kuvuta juu uziunge upande wa VDD ya kadi iliyokatwa, la sivyo kadi itajilisha kupitia waya za mawimbi na haitazimika kabisa.

Dalili: ACMD41 inazunguka milele

ACMD41 ndiyo amri ya kuianzisha kadi, na ina vitangulizi. Baada ya CMD0 tuma CMD8: 48 00 00 01 AA 87. Kadi ya kisasa hujibu 01 00 00 01 AA. Ukiiruka CMD8, au ukaituma halafu ACMD41 ikaenda bila biti ya 30, kadi ya SDHC (ya zaidi ya GB 2 hadi 32) itakujibu 0x01 hadi kesho. Haijaharibika, inasubiri uiambie kwamba unajua kadi kubwa.

Mpangilio ni CMD55 (77 00 00 00 00 65), kisha ACMD41 (69 40 00 00 00 77), na jozi hiyo irudiwe yote. Kutuma CMD55 mara moja kisha kurudia 69 peke yake hakufai. Vumilia hadi sekunde 1. Msimbo unaokata tamaa baada ya majaribio kumi huangusha kadi nzima zisizo na hatia.

Jibu likiwa 0x00, tuma CMD58 (7A 00 00 00 00 FD) usome baiti nne zinazofuata. Biti ya 30 ikiwa 1, kadi huhesabu anwani kwa sekta za baiti 512. Ikiwa 0, huhesabu kwa baiti. Hifadhi biti hii kwenye rejista, utaihitaji sasa hivi.

Dalili: inaamka vizuri, ikipandishwa kasi inavunjika

Hapa wengi hulaumu kadi bure. Mafunzo ya FPGA hufundisha kwamba kila ishara inayotoka nje ipitishwe kwenye flipu-flopu (kihifadhi cha biti moja) mbili kabla ya kutumika. Ni ushauri mzuri kwa kitufe, ila kwa DO unakugharimu. Kwa 397 kHz, biti moja ina mizunguko 68 ya saa ya 27 MHz, na kuchelewa mizunguko miwili si kitu. Ukipanda hadi 13.5 MHz, biti moja ni mizunguko miwili tu. Flipu-flopu zako mbili zimekula biti nzima, na 0x01 imekuwa 0x80.

DO haitokei popote tu. Kadi huitoa kwa kufuata CLK yako, ndani ya 14 ns baada ya ukingo wa kushuka kwa kasi ya kawaida. Kwenye 13.5 MHz nusu ya pigo ni 37 ns, nafasi inatosha kabisa kuisoma CLK inapopanda kwa rejista moja tu iliyo kwenye pini yenyewe. Ukitaka 25 MHz nusu ya pigo ni 20 ns. Toa 14 za kadi, toa safari ya waya na pini, hakibaki kitu. Kwa kasi hiyo soma kwenye ukingo wa kushuka unaofuata.

Ili kuthibitisha bila kubadilisha mengi, shusha kasi hadi 3.375 MHz. Tatizo likitoweka, ni muda. Likibaki lakini la kuja na kuondoka, tazama waya. Waya za jampa zenye zaidi ya sentimita 10 hupiga mwangwi, na kadi huhesabu pigo moja kuwa mawili. Tia rezista ya 33 Ω kwenye CLK karibu na FPGA, punguza nguvu ya pini hadi 4 mA au 8 mA, na upitishe waya wa ardhi sambamba na ule wa CLK.

Dalili: amri imekubaliwa, data imekataliwa

CMD24 (0x58), amri ya kuandika bloku moja, ikijibiwa 0x00, mlango uko wazi. Toa baiti moja ya 0xFF, kisha alama ya kuanza 0xFE, baiti 512 kamili, na baiti mbili za CRC. Katika SPI kadi haikagui CRC ya data mpaka uiwashe kwa CMD59, kwa hiyo FF FF zinatosha wakati wa kujaribu. Ukiiwasha, fomula ni x^16+x^12+x^5+1 ikianzia 0. Jipime kwa bloku ya 0xFF 512, matokeo yawe 7FA1.

Baiti inayofuata ni hukumu. Chukua biti tano za chini tu, kwa sababu tatu za juu hazina maana: 0xE5 ni sawa na 0x05, na mtu anayelinganisha baiti nzima na 0x05 huona kosa lisilokuwepo. 0x05 ni imekubaliwa. 0x0B ni CRC mbovu. 0x0D ni kadi yenyewe kushindwa kuandika. Tuma CMD13 usome hali yake, kisha angalia umeme.

Ukipata 0xFF badala ya hukumu, umetuma baiti pungufu. Kihesabu cha 0 hadi 510 badala ya 0 hadi 511 ndicho chanzo cha kawaida, na simulesheni isiyo na mfano wa kadi haitakuonyesha.

CMD24 yenyewe ikijibiwa 0x40, anwani imepita mwisho wa kadi: umezidisha namba ya sekta kwa 512 kwenye kadi inayohesabu sekta. Ikijibiwa 0x20, ni kinyume chake, hukuzidisha kwenye kadi ndogo ya zamani, ukagonga katikati ya bloku.

Dalili: FPGA inasema sawa, kompyuta haioni kitu

Hukumu 0x05 kwa kila bloku, lakini ukichomeka kadi kwenye kompyuta faili ni sufuri tupu, au kompyuta inakuomba uifomati. Kama imekuomba uifomati, uliandika sekta 0. Hapo ndipo jedwali la kugawanya kadi linapokaa, na alama yake ya 55 AA kwenye baiti mbili za mwisho. Umeifuta.

FPGA haijui faili ni nini. Kuandika mfumo mzima wa mafaili wa FAT32 kwa Verilog (lugha ya kuelezea saketi) kunawezekana, ila kwa kazi ya kurekodi ni kujitesa. Njia nyepesi: fomati kadi upya, kisha tengeneza faili moja kubwa kwenye kompyuta kabla ya jambo lingine lolote kuandikwa, ili sekta zake zifuatane bila kukatika. Kwenye Linux:

dd if=/dev/zero of=DATA.BIN bs=1M count=1024

Kisha andika maneno ya utambulisho mwanzoni mwa faili hilo, mathalani MOMBASA-ANZA-01, bila kubadilisha ukubwa wake, na uichomoe kadi kwa utaratibu ili kompyuta imalize kuandika. FPGA isome sekta moja moja kwa CMD17 (0x51) kuanzia mwanzo wa kizigeu (sehemu ya kadi yenye mafaili) mpaka ikutane na maneno hayo. Kwenye kadi iliyotoka kufomatiwa faili la kwanza liko karibu na mwanzo, kwa hiyo msako huchukua sekunde chache. Kutoka hapo, sekta inayofuata ni +1 tu.

Mwanzo wa kizigeu umeandikwa ndani ya sekta 0, baiti nne kuanzia 0x1C6, na baiti ndogo ndiyo inayotangulia. Anwani ndani ya amri ya kadi ni kinyume: baiti kubwa inatangulia. Kadi nyingi za SDHC huanzia sekta 8192, basi utaona 00 20 00 00. Ukizisoma bila kuzigeuza unapata 2,097,152, yaani GB 1 nzima mbele ya mahali panapotakiwa. Kadi inaandika kwa furaha, huko hakuna anayetazama.

Kuhakiki, isome sekta ghafi, ukiweka namba ya sekta uliyoiandika mahali pa 8192:

sudo dd if=/dev/sdX bs=512 skip=8192 count=1 | xxd

Tazama herufi ya diski mara mbili, na usije ukaandika of= mahali pa if=. Data ikionekana lakini grafu ni fujo, jaribu kwanza kugeuza mpangilio wa baiti mbili za kila sampuli.

Dalili: data ipo, lakini ina mapengo

Sehemu hii ndiyo hutofautisha kifaa cha maonyesho na kifaa cha kazi. Baada ya kila bloku kadi hushusha DO na kusema ina shughuli. Mara nyingi ni chini ya milisekunde chache. Lakini mara kwa mara hupanga upya kumbukumbu zake za ndani na kukaa kimya kwa muda mrefu. Kikomo cha kanuni ni 250 ms, na kwa kadi za SDXC (za zaidi ya GB 32) ni 500 ms. Jaribio la dakika tano linaweza lisikutane nalo hata mara moja.

Aliyevuka Likoni anaelewa bila kuelezwa. Feri ikiwa ng'ambo magari hayaachi kuja. Swali ni kama eneo la kusubiria linatosha. Eneo hilo ndani ya FPGA ni foleni ya FIFO, na ukubwa wake hupatikana kwa kuzidisha, si kwa kukisia.

Chukua kifaa cha kurekodi mwenendo wa stima ya 240 V, 50 Hz: njia 8, biti 16, sampuli 10,000 kwa sekunde. Hiyo ni baiti 160,000 kila sekunde. Kwa 250 ms unahitaji baiti 40,000. Bodi yetu ina bloku 26 za kumbukumbu ya ndani, kila moja baiti 2,048 ukitumia upana wa biti 8 au 16. Bloku 16 ni baiti 32,768, zinabeba 204 ms tu. Watu huziridhia kwa sababu ni namba nzuri ya mzidisho wa mbili, halafu hupoteza data. Tumia bloku 24, baiti 49,152, upate 307 ms, na uandike kihesabu kinachorudi sufuri kwenye namba hiyo. Kwa SDXC ungehitaji baiti 80,000, ambazo hazimo. Basi tumia SDHC ya GB 16 au 32, au uchukue PSRAM, kumbukumbu kubwa zaidi iliyomo ndani ya chipu hiyo.

Kasi ya waya si kikwazo hapa. Bloku moja kwa 13.5 MHz huchukua kama 0.3 ms, na bloku mpya hujaa kila 3 ms hivi. Hata 3.375 MHz inatosha. Anayekimbilia 25 MHz ili kuziba mapengo anatibu mguu wakati jino ndilo linalouma.

Kinachosaidia kweli ni CMD25 (0x59), amri ya kuandika bloku nyingi mfululizo, badala ya CMD24. Kuandika bloku moja moja huilazimisha kadi kuhamisha eneo kubwa la ndani kwa ajili ya baiti 512 tu. Kwa CMD25 kila bloku huanza na 0xFC, si 0xFE, na mwisho wa mfululizo hutumwa 0xFD ikifuatwa na baiti moja ya kupita kabla ya kuangalia kama kadi ina shughuli. Ukitumia 0xFE ndani ya CMD25, bloku haipokelewi.

Usiamini kwamba hakuna pengo, lithibitishe. Sampuli moja ya njia 8 ni baiti 16. Weka sampuli 31 kwa kila bloku, baiti 496, na baiti 16 za mwanzo ziwe kichwa: baiti nne za namba ya bloku, nne za idadi ya sampuli zilizotupwa kwa foleni kujaa, na mbili za kiwango cha juu foleni ilichowahi kufika. Kiwango kile kikikaribia 49,152 baada ya usiku mmoja, badilisha kadi kabla haijakuumbua. Kwa mpangilio huu unaandika baiti 165,161 kwa sekunde, na FAT32 haikubali faili la kufika GB 4 kamili, kwa hiyo hata faili kubwa kabisa linajaa baada ya masaa 7 na dakika 13. Andaa mafaili kadhaa mapema, kila moja na utambulisho wake.

Dalili: namba za bloku zinaruka mbali, au data ya zamani imefunikwa

Ikiwa kadi inaandika vizuri hadi GB 7 hivi kisha mwanzo wa rekodi unageuka, ni kadi bandia. Imeandikwa 64 juu, ndani ina 8, na anwani zinazozidi hurudi mwanzo. Kila hukumu itakuwa 0x05, kadi inadanganya kwa adabu. Kabla ya kuipa kazi, iandike yote na kuisoma yote kwa f3write na f3read kwenye Linux, au H2testw kwenye Windows. Fanya hivyo siku ya kununua, ukiwa bado na risiti ya duka.

Dalili: kilifanya kazi mezani, kikafa ukutani

Joto la kaskazi hutuhumiwa kwanza, na mara nyingi si lenyewe. Kadi za kawaida zimeundwa kuvumilia hadi 85 °C. Wenye makosa halisi ni wawili, umeme na chumvi.

Wakati wa kuandika, kadi huvuta hadi 100 mA kwa vishindo, na mita haioni mshuko wa milisekunde moja. Weka kepasita ya 10 µF na ya 100 nF karibu kabisa na tundu, na utumie kebo ya USB fupi na nene. Stima ikikatika katikati ya bloku, si bloku hiyo pekee inayopotea. Kadi inaweza kuharibu na majirani zake. Hesabu ya kuiokoa: bodi na kadi 200 mA, kwa 250 ms, volti zikiruhusiwa kushuka kutoka 5 hadi 4, unahitaji 0.05 F. Hapo mtu hununua kepasita ya kibonge ya 5.5 V, 0.1 F, na haimsaidii, kwa kuwa upinzani wake wa ndani ni mkubwa mno kutoa 200 mA. Tafuta yenye upinzani mdogo, au tumia betri ya 18650 na bodi yake ya kupandisha volti. Pawabenki nazo zijaribu kabla ya kuziamini: baadhi hukata umeme kwa kitambo zinapohama kutoka stima kwenda betri, na hicho kitambo ndicho ulichokuwa unakikimbia. Weka dayodi kwenye mlango wa 5 V, pima volti kabla yake, na zikianguka FPGA imalize bloku iliyo mkononi, itume 0xFD, isubiri DO ipande, isiandike tena.

Chumvi inakuja polepole. Kifaa kilichofungwa Nyali au Kizingo, dirisha likitazama bahari, huanza kwa kosa moja kwa siku, kisha 0x0B, kisha 0xFF. Ukichomoa kadi na kuirudisha kinapona kwa wiki moja, na hiyo ndiyo alama yake: msuguano umekwangua kutu kwenye midomo ya tundu. Washa CRC kwa CMD59 uhesabu 0x0B kwa siku. Idadi ikianza kupanda, safisha kabla hakijakata. Tumia aikoholi ya isopropili ya 99% na mswaki laini. Spiriti ya duka la dawa ina maji mengi, ukiitumia iache ikauke kabisa. Bodi ipakwe vanishi ya kukinga, ila funika tundu la kadi kwa tepu kwanza, maana vanishi ikiingia kwenye midomo ile utarudi kwenye 0xFF ya mwanzo. Sanduku liwe na mlango wa kebo wenye mpira, kebo iingie kutoka chini, na pakiti ya silika ndani ibadilishwe ikishalowa.